Usafi wa Bruxelles si roho nzuri, ni mpango

Kila mwaka vijana wa Goma, Bukavu na Lubumbashi wanapanda ndege kwenda kusoma Ubelgiji. Wazazi wanawapa mashauri juu ya baridi, juu ya marafiki, juu ya sala. Juu ya uchafu hakuna anayewaambia neno, na ni hapo wengi wanakwama wiki ya kwanza.

Bruxelles, uchafu wa nyumbani unatengwa. Mfuko wa buluu ni wa chupa za plastiki na makopo, wa njano ni wa karatasi, wa rangi ya machungwa ni wa mabaki ya chakula, na mweupe ni wa yale yanayobaki. Chupa za vioo zinapelekwa kwenye mapipa ya barabarani. Tangu Mei 2023, kutenga mabaki ya chakula ni lazima kwa kila mkaaji. Anayetoa mfuko siku isiyo yake anaweza kulipishwa faini.

Watu husema Wazungu wanazaliwa na usafi. Sisi hatuamini. Kinachosafisha barabara ni gari linalopita siku iliyotangazwa, pamoja na faini kwa asiyefwata.

Tena mwanafunzi wetu hafiki huko mjinga. Aliyekomalia Bukavu anajua kurudisha vidange ili apate bia nyingine; Ubelgiji chupa nyingi za bia zinarudishwa vilevile, na jina ni hilohilo. Anajua kuvaa nguo iliyovaliwa na mwingine, kutembea kwa miguu, kupima maji. Linalomshinda ni haya. Anaogopa kutuma picha akiwa juu ya baiskeli, maana nyumbani watasema maisha yamemshinda. Ananunua maji ya chupa kila siku kwa mazoea ya kwetu, wakati maji ya bomba ya Bruxelles yanakunywewa bila hofu. Huko Louvain-la-Neuve, mji ulioanza kujengwa 1971 kwa ajili ya chuo kikuu, katikati ni pa waenda kwa miguu: magari na treni viko chini, na hata profesa anapanda ngazi. Wazazi, acheni kumuuliza mtoto gari lake liko wapi.

Katika inchi yetu, amri ya kukataza mifuko ya plastiki ilitiwa sahihi Desemba 2017. Sashe bado zinauzwa. Bukavu, plastiki zinatoka ziwani, zinaingia mto Ruzizi, zinaziba mitambo ya umeme, na wakaaji wanabaki gizani. Sheria ipo, gari la kukusanya ndilo linalokosa katika mitaa mingi. Kwa hiyo wanaosomea uhandisi au uongozi wa miji huko tunawaomba kitu kimoja: waulize nani analipa gari la uchafu la Bruxelles, kwa kodi gani, na uchafu ukishatengwa unauzwa kwa nani. Hesabu hiyo ndiyo mameya wetu wanayoihitaji, kuliko hotuba nyingine ya siku ya mazingira.