Volti 48 kwenye gari la kulala: ile kapo iko sahihi, ila usikopi tu!

Ile kapo ya mjini iliyonunua Coaster chakavu na kuigeuza nyumba ya kutembea imezua jambo tena. Safari hii siyo penzi wala ujauzito. Ni betri! Bi dada alipoposti kabati la nyuma likiwa na betri ya lithiamu ya volti 48, komenti zilijaa dakika hiyohiyo. Kuna wanaodai anatafuta kiki, eti volti 12 zingetosha kabisa. Wengine wameshaanza kuulizia bei, nao wanaitaka hiyohiyo.

Pande zote mbili zimekurupuka.

Kapo ile haiishi kwa taa na feni. Mle ndani kuna AC juu ya paa, jiko la umeme na birika, na bi dada bila draya ya nywele hatoki. Vikiwashwa kwa pamoja, mzigo unafika wati 3000 kirahisi. Hesabu yake ni ya darasani: gawanya wati kwa volti, unapata ampea. Kwa volti 12 ni ampea 250. Kwa volti 24 ni 125. Kwa volti 48 ni kama 63 tu.

Na kinachochemsha waya ni ampea, siyo volti. Ukizipunguza mara nne, joto kwenye waya uleule linabaki sehemu moja tu kati ya 16. Ndiyo maana mzigo huo kwa volti 12 unadai nyaya nene kama kidole gumba, na shaba haiuzwi bei ya karanga. Fundi akibana matumizi akaweka waya mwembamba, au nati ikalegea kwa matuta ya barabarani, moto unaanzia hapo. Na nyie mmelala ndani.

Kwa hiyo wanaosema kiki wapunguze povu. Hata Tesla, kwenye Cybertruck iliyoanza kufika kwa wateja mwishoni mwa 2023, ilihama kutoka volti 12 kwenda 48 kwa vifaa vya kawaida vya gari, ili nyaya ziwe nyembamba na nyepesi.

Lakini timu "na mimi naitaka" ndiyo ya kuhurumiwa zaidi.

Kwanza, volti nyingi siyo umeme mwingi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 na ya volti 48 yenye ampea-saa 50 zina akiba ileile: wati-saa 2400. Anayedhani ya 48 itakaa na chaji mara nne zaidi, amepigwa.

Pili, taa, feni, redio na pampu za maji za magari haya nyingi ni za volti 12. Ukienda na 48, utanunua kifaa cha kushushia umeme, na chaja maalum ya kupandisha ule unaotoka kwenye alteneta.

Tatu, na hii ndiyo hatari: fyuzi nyingi za kawaida za gari mwisho wake ni volti 32. Betri ya 48 ikijaa inafika hata 58. Fyuzi ya gari ikikatika hapo, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani yake badala ya kuzima.

Kijana mwenye Hiace anayekwenda Bagamoyo wikiendi na taa, feni, laptop na friji ndogo hafiki hata wati 500. Hizo ni ampea kama 40. Volti 12 inamtosha, na kitu kikimharibikia Morogoro, spea atazipata duka la vifaa vya magari.

Katikati kuna volti 24, na wengi wanaisahau. Coaster nyingi za dizeli zinatoka kiwandani hivyo, betri mbili zimeungwa pamoja. Ila kuna ule mchezo wa kuchomoa volti 12 kwenye betri moja ili kuwashia redio. Ile moja inachoka, mwenzake inazidishiwa chaji, zote zinakufa kabla ya siku zake.

Basi kosa la kapo liko wapi? Siyo kwenye betri, ni kwenye posti. Walionyesha boksi linang'aa. Hawakuonyesha fyuzi, unene wa waya wala orodha ya vifaa vyao na wati zake. Ukiwa na wafuasi wengi, ulichokiacha nje ya picha nacho kinakopiwa. Kuna mtu atavunja kibubu anunue betri hiyo, kisha aifunge kwa nyaya za redio. Wao wana fundi wao. Yeye ana video ya sekunde 30.

Mzigo wako ndio unaochagua volti, siyo staa wako.

Haya, wewe uko timu gani: 12, 24 au 48? Dondosha komenti, ila kwanza taja wati zako!