Kanisa la hospitali lisiguswe

Ndani ya ua wa hospitali ya St Bartholomew, London, lipo kanisa dogo ambalo bado linatumika. Hospitali hiyo ilianzishwa na Rahere mwaka 1123, na mnara wa kanisa ni wa karne ya 15. Mfalme Henry wa Nane aliifunga nyumba ya watawa iliyoilea, na wodi zimejengwa upya, kanisa likabaki. Anayeishi Manyatta, huku Embu, asidhani habari hiyo haimhusu. Tiba ya hospitali ilifika kwetu kwa mlango huohuo wa kanisa: mwaka 1910 Daktari Crawford wa Church Missionary Society (CMS) alifungua misheni Kigari, Embu, na mwaka 1922 Daktari Irvine, Mskoti, akaanza kazi Chogoria, nchi ya Wameru. Kwao dawa na sala zilikuwa kazi moja. Ndiyo maana nasema kanisa la hospitali ni sehemu ya hospitali, na wanaopanga majengo mapya wanapaswa kulihesabu pamoja na wodi na maabara.

Wapo watakaosema dawa ilikuwa chambo cha kuvulia waumini. Siwapuuzi. Crawford alifika Kigari miaka minne tu baada ya majeshi ya Waingereza kuwashambulia Waembu mwaka 1906, na mwaka 1929 mzozo wa tohara ya wasichana uliwatoa waumini wengi katika kanisa la Chogoria. Lakini kuficha jeraha si kulitibu, na jengo likibomolewa ushahidi wa uhusiano mgumu wa dawa na dini unaondoka nalo. Tena, kuunganisha tiba na sala hakukuletwa na wazungu. Mundu mugo, yaani mganga wa jadi, alikuwa akitibu na kuomba kabla yao, kwa kuwa mgonjwa huja na hofu pamoja na homa.

Pingamizi zito zaidi ni la nafasi na la sheria: vitanda havitoshi, na Kifungu cha 8 cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna dini ya taifa. Hilo la vitanda ni kweli, ila kikanisa hakili eneo kubwa, na mlango wake unaweza kufunguliwa kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa asiye na dini anayetaka dakika kumi za utulivu nje ya chumba cha upasuaji. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inaruhusu majengo ya aina hii kutangazwa na kulindwa. Orodha ya makanisa hayo ya hospitali, Embu na Meru, iandikwe kabla mkandarasi hajaleta tingatinga.