Kiingereza cha watoto wetu: tuanze na herufi kubwa na nukta

LUBERIZI – Leo tuongee masomo. Wazazi wengi wanasema: vita vimetufukuza nyumbani, nani ana nafasi ya kufikiri nukta na herufi kubwa za Kiingereza? Mimi naona saa yake ndiyo hii.

Tangu 2022 Kongo ni mwanamemba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi wakafika Rugombo, Burundi. Wengine wamefika Uganda au Kenya, na huko shule inaendeshwa kwa Kiingereza. Mtoto wetu wa darasa la saba anaingia na mazoea ya Kifaransa, na mazoea hayo yanamkosesha.

Kwa Kifaransa tunaandika lundi, janvier, français kwa herufi ndogo. Kwa Kiingereza ni Monday, January, French, kwa herufi kubwa kila mara. Neno I, maana yake «mimi», ni herufi kubwa hata katikati ya sentensi. Alama ya kuuliza inashikana na neno, haiachiwi nafasi. Na tunaongeza s: I go, lakini she goes.

Kuna mambo yanayopita alama za mtihani. Sisi tunaandika 2,5 kwa mkato, Waingereza 2.5 kwa nukta. Kwetu 1.500 ni elfu moja na mia tano, kwao ni moja na nusu. Mtoto anayemsomea mama yake karatasi ya dawa au ya msaada lazima ajue tofauti hiyo.

Tena kuna majina. Mkongomani anaanza na jina lake la asili, anafuatisha la pili, anamaliza na la ubatizo. Karatasi ya Kiingereza ikiuliza first name, inataka lile tunaloliweka mwisho. Family name ni la ukoo. Kaka akijaza hivi na dada akijaza vile, watu wa tumbo moja wanaonekana kama hawana undugu. Kwa familia iliyotawanyika, hilo si kosa dogo.

Wengine watasema Kifaransa ndicho lugha ya mtihani wa serikali. Ni kweli, kibaki. Mwalimu aweke sentensi mbili ubaoni, moja ya Kifaransa, moja ya Kiingereza, watoto watafute tofauti. Kazi hiyo haihitaji kitabu, inahitaji chaki na robo saa.

Najua walimu wengi wanafundisha bila mshahara. Kwa hiyo ombi langu la kwanza linaenda kwa wakubwa wa elimu na mashirika: mkileta turubai na unga, leteni pia chaki, madaftari na biki, na mumkumbuke mwalimu.

La pili ni kwa wazazi. Hata kama hujui Kiingereza, fungua daftari la mtoto jioni. Angalia: jina lake limeanza na herufi kubwa? Sentensi imeisha na nukta? Kama sivyo, mrudishie aandike tena.