Kuhesabu gorila wa Kahuzi ni kazi ya Serikali, si ya wafadhili peke yao

Mwaka wa 2016 watafiti walitangaza kwamba gorila wa Grauer waliobaki duniani ni karibu 3,800. Mwaka wa 2021 hesabu mpya ikasema 6,800. Anayesoma haraka atafikiri kwamba wanyama hawa wameongezeka karibu mara mbili kwa miaka mitano. Sivyo. Safari hii wahesabuji walifika katika misitu ambayo zamani ukosefu wa usalama uliwazuia kuingia, kama vile Oku. Na kwa hesabu hiyo mpya, gorila hao wamepungua kwa karibu asilimia 60 tangu miaka ya tisini, walipokadiriwa kuwa 16,900.

Jambo hilo lingepaswa kushitua Kinshasa. Gorila huyu, aliye mkubwa kuliko gorila wote, haishi katika inchi nyingine yoyote. Yuko mashariki mwa Kongo tu: Kahuzi-Biega, Itombwe, Maiko, Tayna na misitu inayopakana nazo. Kongo ikishindwa kujua idadi yake, hakuna jirani atakayeijua kwa niaba yake.

Namna ya kuhesabu inajulikana. Kila jioni gorila hujitengenezea kitanda kipya cha majani na matawi, na asubuhi anakiacha. Wafuata nyayo wanavitafuta vitanda hivyo, wanavihesabu, na wanapima mavi yaliyobaki humo ili kutofautisha dume kubwa na wengine. Siku hizi mavi hayo yanaweza kupelekwa pia maabara kuchunguza DNA, ili mnyama mmoja asihesabiwe mara mbili. Kazi hii inaanza kwa miguu, matopeni, na watu wa vijiji vya karibu wanaoweza kuangalia jani lililovunjika na kusema kundi limepita lini na limeelekea wapi.

Faida ya kazi hiyo ilionekana wakati wa vita. Katika sehemu ya milima ya Kahuzi, gorila walikuwa karibu 250 mwaka wa 1990. Mwaka wa 2000 walibaki karibu 130. Hasara hiyo ilijulikana kwa sababu kulikuwa na hesabu ya kwanza ya kulinganisha. Lakini katika misitu ya chini, mahali wachimbaji wa koltani na kasiterite walikula nyama ya pori kwa kukosa chakula kingine, miaka mingi ilipita bila mtu kuweza kusema ni gorila wangapi waliuawa. Na pengo la namna hiyo halizibiki upesi: jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 10, kisha hupita karibu miaka 4 au zaidi kabla ya kuzaa tena.

Hakuna anayeweza kusema Wakongomani hawana ujuzi. Lwiro, katika teritware la Kabare, ina kituo cha utafiti tangu zamani. Hapo Augustin Basabose alifanya kazi kwa miaka mingi pamoja na Juichi Yamagiwa wa Kyoto, wakichunguza jinsi gorila na sokwe wanavyoishi na kutafuta matunda katika msitu mmoja wa Kahuzi. Maandishi yao yanasomwa na wanasayansi ulimwenguni. Ujuzi upo. Utafiti huu umetegemea mno feza za kutoka nje, na mradi wa mfadhili ukiisha, kazi inaweza kusimama kabla swali halijajibiwa.

Wapo watakaouliza: walimu hawajalipwa, wakimbizi wamelala katika mahema, kwa nini kutoa feza kwa ajili ya nyama wa pori? Swali ni la haki. Lakini kutohesabu nako kuna gharama, na anayeilipa ni raia. Mahali ambapo haijulikani gorila wako wapi, hakuna mwenye hoja ya kumuonyesha Waziri anapotaka kutoa kibali cha machimbo. Wala hakuna mwenye hoja ya kumtetea mkulima anapoambiwa aondoke. Anayejua walipo gorila anajua pia wasipo, na hapo ndipo mazungumzo na wakaaji yanaweza kuanza.

Kahuzi-Biega ilishaonyesha ubaya wa kufanya kinyume. Hifadhi iliundwa mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975 hadi kilometa za mraba karibu 6,000, na Wabatwa wakafukuzwa katika msitu wa mababu zao. Waliofukuzwa ndio waliokuwa wanaujua msitu huo kuliko wengine. Mwaka wa 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulitangazwa: haki zao zilivunjwa. Uamuzi huo usibaki kwenye karatasi.

Itasemwa kwamba vita vimerudi, kwamba Bukavu iko mikononi mwa M23 tangu Februari 2025, na kwamba huu si wakati wake. Lakini hesabu ya mwaka wa 2000 ilifanyika vita vikiwa bado vinaendelea, na bila hiyo leo pasingekuwa na tarakimu za kulinganisha.

Inchi ambayo haijafanya sensa ya watu wake tangu mwaka wa 1984 imezoea kuishi kwa makadirio. Kwa gorila, mazoea hayo yanaweza kukomeshwa kwa feza kidogo. Bunge liweke katika bajeti feza za Lwiro na ICCN zinazojulikana kuwa za kuhesabu, kila baada ya miaka michache, mfadhili awepo au asiwepo. Wafuata nyayo, Wabatwa wakiwa wa kwanza, wapewe kandarasi za kudumu na majina yao yaandikwe katika ripoti. Na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, Bunyakiri, Shabunda na Walikale, ili wanaoishi na msitu wawe wa kwanza kuyasikia.