Usiichane Picha ya Mtoto

Akina mama wapendwa, mtoto akirudi shuleni na picha ya samaki anayeruka juu ya paa, tusishtuke. Ya binti yetu tuliichana, tukidhani ni mambo ya mapepo. Muhula mzima hakutuonyesha tena daftari lake.

Kumbe ilikuwa kazi ya darasa! Mtindo huo huitwa usurealisti: kuchora vitu vya kawaida kwa mpangilio wa ndotoni. André Breton, aliyetoa ilani yake Paris mwaka 1924, alisomea udaktari na kuwahudumia askari waliougua akili katika Vita Kuu ya Kwanza. Naye Salvador Dalí alichora saa zilizolegea mwaka 1931.

Sisi wauguzi twajua kwamba picha peke yake haipimi ugonjwa. Tuketi na mtoto, tumwambie, "Nieleze picha yako, mwanangu," kisha tunyamaze tusikilize. Huenda ni mchezo tu. Huenda ni jambo aliloshindwa kulisema. Lakini akikosa usingizi, akikataa chakula au kujitenga siku nyingi, tumpeleke kituo cha afya.

Binti yetu tulimwomba radhi. Picha ya pili imebandikwa ukutani, sebuleni.