MASOMO YA NG'AMBO NA WANYAMA WETU

Kila mwaka vijana wetu huondoka kwenda Norway, Uingereza, Marekani na Kanada kusomea elimu ya wanyama wa porini. Wananchi wa Shinyanga na Geita, ambako kijana akimaliza shule macho yake huelekea kwanza kwenye machimbo ya dhahabu, wana haki ya kuuliza safari hizo zatuletea nini. Sisi twaona kwamba jibu halimo katika sifa za chuo alikokwenda kijana. Limo katika swali alilokwenda nalo.

Wengi wamesahau kwamba elimu hii ilipata kuwa na makao hapa hapa. Katika miaka ya 1930, Old Shinyanga ilikuwa makao makuu ya utafiti wa mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton, ambaye kabla ya hapo alikuwa msimamizi mkuu wa wanyama wa porini katika Tanganyika. Mwenzake, C. H. N. Jackson, aliwatia mbung'o alama za rangi, akawaachia, akawanasa tena, na kwa idadi ya wale waliorudi mikononi akakisia wingi wa wote waliomo porini. Hesabu ya namna hiyo ingali yatumika duniani kwa wanyama wa kila aina. Lakini waliozunguka porini kutwa wakiwanasa mbung'o hao walikuwa vijana wa Kiafrika, na ni nadra kuyaona majina yao vitabuni. Kisha, tangu mwaka 1945 hivi, maelfu ya wanyama wa porini walipigwa risasi Shinyanga ili ionekane kama mbung'o watatoweka kwa kukosa damu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Mgeni alikuja, akaandika, akaondoka na madaftari yake. Mwenyeji hakuachiwa hata kiti cha mwanafunzi.

Sasa tumtazame mtu wa upande wa pili. Dakta Simon Mduma alisoma katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, akapata shahada ya udaktari mwaka 1996. Hakwenda kule kujifunza habari za dubu. Alichukua swali la nyumbani: baada ya ng'ombe kuchanjwa na sotoka kukoma, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka kiasi cha 250,000 mwaka 1961 hadi kupita 1,300,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, je, ni nini kilichowazuia wasizidi hapo? Alirudi mbugani, akapasua mifupa ya mizoga kutazama uboho, maana uboho humwonyesha mtafiti kama mnyama alikufa na njaa. Mwaka 1999, yeye na walimu wenziwe wa kule walionyesha kwamba malisho ya kiangazi, kuliko simba, ndiyo yaliyoweka mpaka. Mwaka uliotangulia walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya wawindaji wa magendo waweza kuchukua nyumbu wangapi kabla kundi halijaanza kupungua. Jambo hilo lawahusu sana watu wa Maswa na Meatu, wilaya zilizokuwa za mkoa wa Shinyanga hadi 2012, maana huko nyama ya nyumbu ni kitoweo na ni kesi mahakamani. Baadaye Dakta Mduma akawa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Kanada ilimpa ufundi wa hesabu na walimu wenye kumbukumbu za miaka arobaini. Serengeti ilimpa kazi.

Kwa hiyo hatuoni sababu ya kumpeleka mtu ng'ambo akafundishwe yale yanayofundishwa Mweka tangu 1963, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Aanzie hapa, alijue pori, ndipo aende na swali lake mkononi. Naye akirudi asiwekwe mezani kugonga mihuri, wala asigeuzwe mwonyesha njia wa watafiti wa kigeni. Wageni hao huomba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Twapendekeza kibali kisitolewe bila mwanafunzi wa Kitanzania kuwamo katika kazi hiyo, jina lake likiandikwa pamoja na la mgeni.

Maswali hayajaisha. Katika kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, wanaishi sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, kwa juhudi za Profesa Grzimek wa Frankfurt. Walikuwa wameishi utumwani katika bustani za wanyama na mahali pa maonyesho. Wakaachwa msituni, wakajitafutia chakula, wakazaa. Walijifunzaje? Kwa basi na mashua, kijana wa Geita aweza kufika na kuanza kuwatazama, kabla hajaomba pasipoti.