Masuala ya Wasomaji: Tarakimu Sita Ziombwazo kwa Upole



Barua tulizozipokea mwezi huu nyingi zahusu simu, wala hatustaajabu. Zamani mtu alikuwa na fundi wa saa, fundi wa redio na mpiga picha, akenda posta kupeleka barua na benki kuweka fedha. Leo vyote hivyo vimetiwa katika kitu kimoja, nacho hulazwa chini ya mto. Nafasi yetu haitoshi kuzijibu barua zote. Tumechagua nne, na ile ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kuliko wenziwe kwa sababu khasara yake haimwishii aliyeibiwa peke yake.

SUALA: Bibi mmoja wa Tanga atuandikia: “Mwanangu asoma Dar es Salaam. Nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwake, kwa namba yake na picha yake ile ile, akisema yu mgonjwa hospitali, na kwamba nimpelekee shilingi 180,000 kwa namba ya rafiki yake kwa kuwa laini yake mwenyewe ina matatizo. Nikapeleka. Jioni akanipigia simu, akaniambia yu mzima, ila WhatsApp yake imemfungia tangu asubuhi. Je, mtu awezaje kuandika kwa namba ya mwanangu, na hali simu anayo mwenyewe mkononi? Na fedha zangu zitarudi?”

JAWABU: Bibi yetu, twakupa pole. Simu ya mwanao haikuibwa, wala laini yake haikuibwa. Kilichochukuliwa ni akaunti yake ya WhatsApp, na aliyemfungulia mwizi mlango, yumkini bila ya kujua, ni mwanao mwenyewe.

Mambo huwa hivi. WhatsApp haimjui mtu kwa sura yake wala kwa jina la baba yake. Humjua kwa namba ya simu. Kila itiwapo katika simu mpya huuliza namba, kisha hupeleka tarakimu sita kwa ujumbe mfupi kwenye namba ile, na mwenye kuziandika tarakimu hizo huhesabiwa kuwa ndiye mwenye akaunti. Basi mwizi huketi kwake, akaitia WhatsApp katika simu yake, akaandika namba ya mwanao. Zile tarakimu sita hazimfikii yeye, zamfikia mwanao. Limebaki jambo moja tu, nalo ni kuziomba.

Na huziomba kwa upole mkubwa. Aghalabu huandika kwa jina la mtu ambaye mwanao amjua, kwa sababu huyo naye ameshaibiwa akaunti yake jana au juzi. Husema: “Ndugu yangu, samahani, nimekosea nikaleta namba zangu kwako, nirudishie tafadhali.” Au hujifanya mkuu wa kundi la darsa, akasema kwamba waandikishwa wahudhuriaji, kila mmoja ataletewa namba naye aitume. Mwizi huyu ametusoma tabia zetu. Ajua kwamba kijana aliyelelewa vema huona haya kumnyima mwenziwe kitu kidogo kama namba sita, tena alioombwa kwa “tafadhali”. Zikishatumwa, akaunti huhamia katika simu ya mwizi, na simu ya mwanao huambiwa kwamba namba hiyo imesajiliwa kwingine.

Wasomaji wengine watasema: mbona tuliambiwa kwamba WhatsApp ni siri, hata wenye kampuni hawayasomi maneno yetu? Ni kweli, tangu mwaka 2016 maneno yote hufungwa njia nzima, kutoka simu ya mpelekaji hadi simu ya mpokeaji. Lakini lakiri ya barua huilinda barua njiani. Ikiwa aketiye mwisho wa njia ni mwizi, basi barua imemfikia yeye ikiwa na lakiri yake, naye ataifungua kwa raha. Mazungumzo ya zamani hayaoni, kwa kuwa hayo yamo ndani ya simu ya mwanao. Walakini makundi huyaona: kundi la ukoo, kundi la darasa, kundi la msikiti. Kila litokeapo neno katika kundi, hupata majina na namba za waliomo, na humo ndimo alimokupata wewe.

Sasa dawa. Mwanao na aifungue WhatsApp katika simu yake, aandike namba yake, aletewe tarakimu sita mpya, aziandike. Papo hapo mwizi hutolewa nje. Huenda akaulizwa namba nyingine ya siri asiyoijua; hiyo ameiweka mwizi ili kumchelewesha, naye itambidi angoje siku saba ndipo aingie pasipo namba hiyo. Asifadhaike, kwa kuwa tangu alipoziandika zile tarakimu sita mwizi naye hayumo tena. Akisharudi, atazame katika Mipangilio orodha ya vifaa vilivyounganishwa, akikuta kompyuta au simu asiyoijua aiondoe. Kisha aende penye Akaunti, awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ambao watumiaji wote wamekuwa nao tangu mwaka 2017. Hapo huchagua namba yake ya siri, nayo huulizwa baada ya zile tarakimu za ujumbe, hata mwizi akizipata zile hizi hatakuwa nazo. Asiweke mwaka aliozaliwa, kwani huo waujua mtaa mzima. Tena aandike na anwani yake ya barua pepe, ili akiisahau namba yake apate njia ya kuibadili.

Amma fedha, hatupendi kukupa matumaini ya uwongo. Mwenye kuipigia simu kampuni yake ya fedha mara moja, kabla mwizi hajatoa, huenda akaokoa kitu. Zikishatolewa kwa wakala ni vigumu mno. Hata hivyo piga, ukaandikishe polisi, na namba ile uliyoipelekea fedha uiripoti kwa 15040, namba iliyowekwa Tanzania kwa matapeli wa simu, hao hao waliotuzoesha “ile hela itume kwa namba hii”.

Twakuomba na jambo jingine, bibi. Usimkaripie mwanao mbele ya nduguze. Kijana aliyeaibishwa huficha, na katika wizi huu kuficha ndiko kunakomnenepesha mwizi. Saa ile ile alipoona amefungiwa angalikupigia wewe na ndugu zako wawili watatu, nanyi mngaliambiana, fedha zako zingalikuwa mkobani. Na kuanzia leo mwekeane sharti nyumbani: hapelekewi mtu fedha kwa maandishi matupu. Apigiwe simu ya kawaida, isikiwe sauti yake. Na kwa kuwa siku hizi kuna mitambo iwezayo kuigiza sauti ya mtu, aulizwe jambo lijulikanalo nyumbani tu, kama jina la paka aliyekufa au chakula alichokikataa alipokuwa mdogo.

SUALA: Kijana wa Likoni, Mombasa: “Nimenunua simu iliyotumika kwa shilingi 9,000. Ilikuwa na picha za mwenyewe wa kwanza, nami nikafuta vyote nipate kuanza upya. Sasa yanitaka nitie akaunti ya Google ya huyo wa kwanza. Fundi asema ataifungua kwa shilingi 1,500. Je, nimpe?”

JAWABU: Usimpe bado. Kufuli hilo halikuwekwa kwa ajili ya kukuudhi wewe. Simu za Apple zinalo tangu mwaka 2013, na za Android zimelianza mwaka 2015: simu ikifutwa na asiyekuwa mwenyewe, hukataa kufanya kazi mpaka itajiwe akaunti iliyokuwamo. Wezi walikuwa wakiiba, wakifuta, wakiuza asubuhi. Kufuli hili limewapunguzia soko.

Basi rudi kwa aliyekuuzia. Akiwa ni mwenyewe kweli, kazi hii ni ya dakika tano: aingie kwa akaunti yake, aiondoe, akurudishie simu yako. Ikiwa haonekani tena, au ageuka mkali, au asema naye alinunua kwa mtu asiyemkumbuka, hapo dai fedha zako. Twajua kwamba fundi ataweza, na kwamba shilingi 1,500 ni kidogo kuliko 9,000. Lakini ukimlipa fundi avunje kufuli la simu uishukuyo kuwa ni ya wizi, umeingia katika wizi ule kwa mguu wako, na akitokea mwenyewe na karatasi zake, si fundi atakayeulizwa.

Na kwa wale ambao hawajanunua: simu iliyotumika hainunuliwi barabarani kwa haraka. Bonyeza *#06#, itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Itazame kama ni ile iliyoandikwa kwenye boksi. Tanzania waweza kuipeleka namba hiyo kwa 15090, na Kenya iliweka 1555 kwa kazi hiyo. Hujibiwa jina na aina ya simu, na ikiwa jibu lasema simu ya kampuni moja nawe umeshika ya nyingine, rudisha. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012 na Tanzania katikati ya Juni 2016, na wako waliolala na simu wakaamka na kipande cha plastiki. Kisha mwambie muuzaji aondoe akaunti zake na afute vyote mbele yako. Iwashe simu, ifuate mpaka ifike mwisho bila ya kudai akaunti ya mtu, ndipo utoe fedha. Muandikiane hati, na IMEI iwemo ndani yake. Muuzaji akiona uzito wa hati ya mistari minne, nawe ona uzito wa kununua.

SUALA: Mama mmoja wa Unguja ataka kuuza simu yake ya zamani. Ndani yake mna picha za harusi ya bintiye, za upande wa wanawake. Amezifuta moja moja. Je, yatosha?

JAWABU: Haitoshi, nasi twafurahi kwamba umeuliza kabla ya kuuza. Picha ifutwayo huenda kwanza katika pipa la taka la simu, na huweza kukaa humo siku 30 na zaidi, mwenye kununua akazirudisha kwa kidole kimoja. Kwanza peleka picha unazozitaka mahali pengine. Pili toa memori kadi, usiiuze pamoja na simu kamwe, hata ukiwa umeifuta. Kuirudisha simu katika hali ya kiwandani aghalabu hakuigusi kadi hiyo, na picha zilizofutwa ndani yake hufufuliwa kwa programu za bure. Kadi ni rakhisi kuliko heshima ya wageni wako, maana zile picha si zako peke yako. Tatu ondoa akaunti ya Google, lisije likampata mnunuzi lile lililompata kijana wa Likoni. Mwisho ifute simu yote kwa njia ya Mipangilio. Kazi hii ifanye mwenyewe au bintiye aliyeoa picha hizo zamhusu. Usimpe kijana wa dukani akufanyie nyuma ya pazia.

SUALA: Mwanafunzi wa Bagamoyo ameletewa ujumbe kwamba akiusambaza kwa watu 10 atapata bando la Idi bure. Auliza kama ni kweli.

JAWABU: Si kweli. Tazama juu ya ujumbe huo, utaona mishale miwili. Maana yake umepita katika mazungumzo matano au zaidi kabla ya kukufikia, na ndiyo sababu tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kusambazwa ila kwa mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja. Kiungo kilichomo usikiguse, na ikiwa umeshakigusa ukaandika namba yako ya simu, jihadhari: huenda kesho ukaletewa tarakimu sita usizoziomba, na baada yake mtu mpole akuombe umrudishie.